Waya na Kisanduku Namba Saba

Huyu ninayeandika habari zake ni binti wa dada yangu, na mimi kama mjomba wake nina haki ya kusema mapema kwamba akili zile hakuziokota njiani. Zimetoka kwetu. Baba yake ni mtu mwema, seremala, randa anaijua, lakini mpe saa iliyosimama uone. Ataitikisa mara mbili, ataitia sikioni, kisha atakurudishia huku akikupa pole. Mimi nilipokuwa darasa la sita, kabla shule na mimi hatujakubaliana kila mmoja ashike njia yake, niliifungua redio ya mwalimu mkuu nikaifunga tena, na ikaongea. Skrubu tatu zilibaki nje, sikatai. Lakini iliongea.

Kazini wanamwita Waya. Ni mrefu, mwembamba, na mfukoni hakosi kipande cha waya kilichokunjwa, basi hawakuhangaika kumtafutia jina jingine. Kabla ya hapo alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu: kimeza kimoja, taa ya kuinamia, na simu zilizokufa zimepangwa ukutani kama picha za marehemu wa ukoo. Watu walimletea simu zilizotumbukia chooni naye alizipokea kwa vidole viwili bila kukunja uso. Dada yangu, ambaye ni mshonaji, alimwonya kwamba kazi ya kuinama itampinda mgongo kama ilivyompinda yeye. Hakujua kwamba mtoto atainuka pale kitini aende kukaa juu ya greda.

Mimi ni dereva wa gari la maji. Kampuni yetu inajenga barabara, na udongo wa barabara lazima unyweshwe kabla ya kushindiliwa, la sivyo unashindilia hewa. Kwa hiyo yule unayemwona anapita polepole huku maji yanamwagika nyuma, na madereva wengine wanamcheka, ndiye aliyeibeba kazi nzima. Sisemi haya kwa kujisifu. Wenzangu waliniita Birika kwa sababu ya bomba la nyuma ya gari, si kwa sababu ya mkono wangu, maana chai yangu kila mtu ameinywa.

Kipande tulichokuwa tunakijenga kilikuwa cha kilomita kumi na mbili, katikati ya vilima, mahali ambapo simu hushika tu ukiwa umesimama juu ya kontena la ofisi, tena kwa mguu mmoja. Upande wa mwanzo kulikuwa na kambi. Upande wa mwisho kulikuwa na mwamba, uliokuwa ukipasuliwa kwa baruti ili njia ipite. Katikati palikuwa na kona kali tuliyoiita Kiwiko, na chini ya Kiwiko mto, ambako nilikuwa nashuka kujaza tangi. Mkuu wa kulipua tulimwita Baruti, mtu wa maneno makali na vidole tisa. Kabla Baruti hajalipua, lazima ajue kwamba magari yote yamesimama. Habari hizo zilipelekwa na mtu wa pikipiki, kibendera chekundu mgongoni na vikaratasi mfukoni, akienda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Mvua ikinyesha neno haliendi wala halirudi, na mwamba unatulia siku nzima.

Basi siku moja simu ya Injinia, mkubwa wetu wa kazi, iliingia kwenye pipa la maji. Akaipeleka kwa mpwa wangu, akakaa kwenye benchi akisubiri, na kama mtu yeyote anayesubiri akaanza kulalamika. Waya akamsikiliza huku ameinamia simu. Kisha akamwambia kwamba viko visanduku vinavyopokezana maneno vyenyewe kwa vyenyewe, bila mnara, hata vikiwa ndani ya magari yanayokwenda. Injinia alikubali shingo upande. Akanunua visanduku kumi na vinne kwa neno la binti wa watu, naye binti akafunga kibanda akaja kwetu kambini. Nilimpokea mimi mwenyewe, nikawatangazia wote kwamba huyu ni damu yangu, na asiyemwelewa aje kwangu nimtafsirie.

Visanduku vyenyewe nitavieleza mimi, kwa sababu yeye akieleza anataja namba. Kila kimoja ni kama kipande cha sabuni chenye mkia, kina kitufe cha kubonyeza ukitaka kusema, na kitaa: kijani kikisikia wenzake, chekundu kikiwa peke yake. Kimoja kinasikika kilomita moja hivi pasipo kilima. Neno la Baruti haliwezi kuruka hadi kambini kwa mruko mmoja, kwa hiyo linaingia kwenye gari lililo karibu, gari hilo linalipeleka kwa lililo mbele yake, mpaka lifike. Hakuna kisanduku kikubwa kinachoviamuru vingine. Kila kimoja ni karani na tarishi kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba magari hayatulii. Jirani uliyekuwa naye sasa hivi, ukigeuka yuko nyuma ya kilima. Ndiyo maana kila kisanduku kinapiga hodi kila baada ya muda, na walio karibu wanaitikia, kijue nani yupo. Kikipiga hodi mara chache mno, kitaendelea kumkabidhi maneno jirani aliyekwisha hama. Kikipiga hodi kila kikipumua, kinamaliza betri na kuwapigia wenzake kelele, asipatikane wa kusema la maana. Nina shemeji wa namna hiyo ya pili, kwa hiyo nililielewa jambo hili siku ile ile. Waya alitumia wiki tatu kutafuta kipimo cha hodi, akipunguza na kuongeza, daftari lake limejaa vistari.

Na hakukaa ofisini. Alipanda kila gari siku nzima. Alikaa kwenye magari ya kokoto, kwenye mashine ya kushindilia inayokutikisa mpaka meno, na kwangu pia, ambako alipewa kiti chenye mto. Aliandika ni wapi kilima kinameza sauti, nani anakutana na nani, na kwa muda gani. Akanieleza kitu ambacho mimi nilikuwa nakijua bila kujua kwamba nakijua: gari linalopishana nawe kwa kasi lina nguvu ya sauti kubwa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo usilikabidhi neno. Likabidhi lile dhaifu linalokwenda njia moja na wewe, maana hilo utakuwa nalo kitambo. Akavifundisha visanduku kuchagua hivyo. Mtu aliyetoka kwenye kimeza na taa.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda, si vibaya, si vizuri sana. Kisha ikaja siku ya mawe.

Baruti alituma neno la kusimamisha magari. Likafika kwa mmoja wa akina dada wa bendera, wanaosimamisha magari njiani, aliye karibu na mwamba, wakaitikia walio upande ule, lakini kambini halikufika. Baruti akajiona amesubiri vya kutosha, akapuliza filimbi yake ya zamani, akalipua. Wakati huo Injinia mwenyewe alikuwa njiani akienda mwambani kwa gari lake dogo. Hakuumia. Lakini jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu liliangukia boneti, na vidogo vidogo vikapiga paa kama watu wanaobisha mlango kwa hasira.

Jioni akamwita Waya mbele yetu sote, na hakupandisha sauti. Alisema Baruti atapewa onyo lake, maana hakuna jibu, hakuna mlipuko, na hiyo ni sheria. Halafu akamgeukia binti. Alimpa wiki mbili. Siku ya mwisho atakaa nje ya kontena na saa yake kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Kila nusu saa neno litakwenda mwambani na jibu lirudi ndani ya dakika tano. Yakikosekana matatu, visanduku vinaingia stoo, pikipiki inarudi barabarani, na yeye anarudi kwenye kibanda chake.

Baruti, ambaye onyo lilikuwa limemkaa kooni, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba simu za chooni nazo zinahitaji daktari. Watu wakacheka. Nilitaka kumjibu, lakini Waya aliniangalia, nikauma ulimi.

Wiki ya kwanza alichakaa. Aligundua kwamba kila siku, saa nne asubuhi na tena saa tisa, njia inakatika pale katikati kwa dakika ishirini na zaidi. Alibadilisha betri. Alisafisha mikia. Alipanda kilima cha Kiwiko mara tano na visigino vikamchubuka. Mimi nilikuwa nampa moyo. Nilimwambia madereva wa siku hizi ni wazembe, awabane, hasa wale wa kokoto. Nilizungumza kwa uchungu kweli.

Siku ya saba nilikuwa mtoni. Tangi limejaa, shati nimelifua limetandazwa juu ya boneti, nami nimejinyoosha kitini, miguu dirishani. Kazi ya maji inachosha. Nikasikia hatua kwenye kokoto, nikafungua jicho moja, ni yeye.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuoga?"

Hakucheka. Alikuwa anakitazama kisanduku changu, namba saba, kilichokuwa kimetulia juu ya dashibodi bila taa.

"Hiki kimezimwa."

"Nimekipumzisha. Huku sina wa kuongea naye."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ni mali ya kampuni, lazima itunzwe."

Akakaa kwenye kidaraja cha mlango wa gari, mgongo wake kwangu, nami nikashusha miguu.

"Mjomba, wewe ukinyamaza ndipo kinafanya kazi," akasema. "Maneno ya mwambani yanapita kwako yakienda kambini. Hayakuhusu, huyasikii, ila yanapita. Ukikizima unalikunja daraja na kulitia mfukoni."

Nikamuuliza siku ile ya mawe ilikuwa saa ngapi. Akasema, saa nne na dakika kumi.

Nililivaa shati langu bichi hivyo hivyo.

Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Aliuliza tu ni wangapi wengine wanazima, nikamwambia ukweli kwamba ni wote, ila wenzangu hawakuwa wakipumzika muda mrefu kama mimi na hawakuwa katikati. Sisi madereva wa zamani tumelelewa hivyo. Mlangoni mwa stoo yetu pameandikwa kwa rangi nyekundu KISICHOTUMIKA KIZIMWE, na mtunza stoo amepiga watu faini kwa ajili ya taa iliyosahauliwa. Kwetu kuzima kifaa usichokitumia ni adabu kama kuvua kofia. Hapo ndipo alipogeuka akanitazama, macho yamemtoka, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima na kumbe ameushika.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya kontena nikijaza fomu ya mafuta, na dirisha lilikuwa wazi. Injinia alikuwa anasoma daftari la Waya, mwenyewe amesimama mbele yake. Akauliza, hii namba saba inayopotea ni ya nani. Kalamu yangu ikasimama.

"Ni ya mtu ambaye hakuambiwa," Waya akajibu. "Kosa ni langu, Injinia. Nimewafundisha kubonyeza na kusema. Sikuwafundisha kunyamaza kikiwa kimewaka."

Baadaye nilimvuta kando kumshukuru. Akaniambia asingenitaja hata ningekuwa mtu baki. Ila nikizima tena, atanitaja kwa jina langu la shuleni mbele ya kambi nzima. Jina hilo ni siri ya familia, na litabaki siri.

Alivyowafundisha ndivyo nilivyompendea zaidi. Angeweza kuwakusanya na kuwachorea ubaoni, wangelala. Alingoja siku ya kumimina zege kwenye kalavati, ile njia ya maji inayopita chini ya barabara, maana siku hiyo kila mtu anashuka garini na tunapanga mstari, karai la zege linatoka mashineni likipita mkono kwa mkono hadi shimoni. Mstari ulikuwa umekolea, nyimbo zimeanza, yeye akaja akanigusa bega akaniambia nitoke nikanywe maji. Nikatoka. Aliyekuwa kushoto kwangu akageuka na karai lake zito, akakuta hewa. Kilichomwagika kilimfunika Baruti viatu vyote viwili, kwa sababu Mungu ni mwema.

Waya akasimama pale kwenye pengo langu. Akawauliza, huyu Birika zege lake ni lipi hapa? Wakasema hana. Akauliza, sasa mbona kazi imesimama? Akasema kwamba kisanduku kikiwaka chekundu, mwenye nacho ajue kuna mtu ameshika karai na hana wa kumpa. Kisha akajipanga mstarini, akapokea makarai mpaka jioni, mwembamba vile. Baruti alikuwa anakwangua viatu kwa kijiti.

Tangu hapo hakuna aliyezima. Lakini bado kulikuwa na jambo: mimi lazima nishuke mtoni, na huko chini hata kisanduku kikiwaka hakisikii mtu. Dakika zile ishirini alihitajika mwingine kusimama Kiwiko badala yangu. Aliyekuwa karibu ni dereva wa greda, mzee tunayemwita Taratibu, ambaye haamrishwi na mtu. Waya hakumwamrisha. Alipanda naye siku mbili, akagundua kwamba anakunywa chai saa nne kamili na saa tisa kamili popote alipo, akamwomba aje kuinywea Kiwiko. Taratibu akafikiri kilomita nzima. Akasema atakubali, kwa sharti kwamba Birika aje mwenyewe amwombe kwa heshima.

Mimi na Taratibu tulikuwa hatusemezani tangu mwaka uliopita, aliposema gari langu linaharibu kazi yake kwa kumwaga maji kama ng'ombe anayekojoa. Nilikwenda. Nilimwita kaka, nikaweka mikono nyuma. Akanirudisha nirudie kwa sababu hakusikia vizuri. Nikarudia. Mpwa wangu alikuwa amevaa miwani ya mbao, anatazama vilima.

Ikaja siku yenyewe. Haya ya mezani nimesimuliwa na karani wa kambi, mtu asiye na uwezo wa kutunga. Injinia alikaa nje ya kontena, saa mezani, karatasi yenye mistari kumi na mitatu. Waya alisimama, hakukubali kiti. Kwenye kompyuta yake visanduku vilionekana kama nukta, na kati ya nukta mistari inayotokea na kupotea jinsi magari yanavyokwenda. Saa moja neno likaenda, likarudi kwa dakika moja. Saa moja na nusu, vivyo hivyo. Hadi saa nne yalikuwa yamerudi yote saba, na Injinia alikuwa ameanza kunywa chai yake kwa utulivu.

Neno la saa nne na nusu lilikuwa la kweli, si la majaribio. Baruti alikuwa amejaza matundu yake mwambani na anataka kulipua.

Siku hiyo nilikuwa nimechelewa kushuka mtoni, ndio kwanza bomba liko ndani ya tangi, na Taratibu alikuwa ameisogeza mbele chai yake kunisubiri. Sasa alikuwa anakuja Kiwiko na chupa yake. Mita mia nne kabla ya kona, mahali ambapo bega la kilima linakinga, mpira wa mafuta wa greda ukapasuka. Mafuta yakatapakaa barabarani, greda likakaa. Pale Kiwiko hapakuwa na mtu.

Baruti akatuma neno. Kambini hakikusikika kitu. Karani anasema nukta za kwenye kompyuta ziligawanyika makundi mawili kama watu waliogombana, na kati yao nafasi tupu. Waya aliitazama ile nafasi. Injinia akauliza, huwezi kumwita mtu aende? Akajibu kwamba walio karibu na Kiwiko ndio hao hao asioweza kuwafikia.

Mimi chini nilisikia honi ya greda. Ndefu, tatu. Taratibu hapigi honi hata ng'ombe akilala barabarani. Nilielewa palepale kwamba Kiwiko hakuna mtu, akili zimetoka kwetu, nimeshasema. Nilichomoa bomba, tangi limefika nusu, nikaweka gia ya kwanza nikaanza kupanda ule mteremko huku maji yanapiga kelele tumboni mwa gari. Nilimwomba Mungu na injini kwa zamu.

Nilipotokeza juu nilijiandaa kuwa shujaa. Nikakuta nimechelewa.

Dada wa bendera wa upande wa chini wa Kiwiko, mama wa watoto wanne ambaye kazini hasemi zaidi ya salamu, alikuwa ameona kitaa chake kimegeuka chekundu. Akayasimamisha magari mawili yasiyo na visanduku yaliyokuwa mbele yake, akaichomeka bendera yake katikati ya njia ili yasisogee, akapanda kilimani kwa mikono na magoti. Nilimkuta juu ya jiwe, kisanduku amekiinua juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na mtoto. Kwa pale alipo, upande mmoja alisikika kwa Taratibu, upande wa pili kwa gari la kokoto. Kitaa chake kilikuwa kijani. Na cha kwangu, nilipofika, kijani.

Mwambani, Baruti alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, filimbi inaning'inia shingoni. Wenzake wanasema hakuigusa. Alisubiri mpaka jibu la kambini lilipomfikia kwamba magari yote yamesimama. Ndipo akalipua, na vumbi tukaliona sote.

Kambini Injinia alipiga meza kwa kiganja, amefurahi, akashika kalamu aandike kwamba neno limerudi. Waya akamzuia.

"Dakika sita na sekunde kumi. Andika limekosekana."

"Binti, limefika. Mlipuko umekwenda salama."

"Ulisema tano. Andika."

Karani anasema Injinia aliandika msalaba mwenyewe, polepole. Mimi nisingeuandika ule msalaba. Nakuambia kweli, nisingeuandika, na ningetia chumvi kidogo kwenye mengine.

Yaliyobaki matano yalirudi. Taratibu alitembea kwa miguu na kisanduku chake mpaka Kiwiko, akakaa pale juani na chai iliyopoa, mafundi wakihangaika na greda lake, na kila nilipopita nilimpigia honi ya heshima naye akainua kikombe. Saa saba ilipopita nikarudi kambini na kisingizio cha mafuta. Injinia alikuwa bado mezani. Kumi na mbili kati ya kumi na tatu.

Hakuzungumzia hesabu. Alimuuliza Waya ni nani aliyemwagiza yule dada apande kilima. Waya akasema hakuna. Akauliza na Birika nani alimtoa mtoni, na tangi nusu. Hakuna. Injinia akafunika kalamu yake. Akasema kuna kipande kingine cha kilomita ishirini kinaanza baada ya mvua, atahitaji visanduku vingapi?

"Ishirini na sita," akasema. "Na wiki mbili za kukaa na madereva kabla sijakiwasha hata kimoja."

Akapewa. Siku hizi kwenye orodha ya kampuni ameandikwa msimamizi wa mawasiliano, mstari wa nne kutoka juu, na mimi nimeipiga picha orodha hiyo, ninayo kwenye simu, ukitaka kuiona omba tu. Dada yangu ameibandika nyingine juu ya cherehani yake.

Lakini siku ile alikuwa hajajua habari za orodha. Alichukua kisanduku chake, akabonyeza. Nilikuwa nimesimama karibu yake.

"Wote. Tumebaki. Namba tisa, dada, njoo ule, asante."

Wakaanza kuitikia. Namba mbili, nimesikia. Namba kumi na moja. Taratibu, kwa kujivuta. Namba tisa, yule dada, akasema neno moja ambalo halikuwa salamu: tumeweza. Kutoka mwambani, mruko baada ya mruko, namba kumi na nne, ambaye ni Baruti: nimesikia, Fundi. Hakusema Waya. Alisema Fundi.

Mimi nilikimbilia gari langu nikachukua namba saba. Nilikuwa na mengi. Nilianza na mama yake alivyomzaa wakati mimi ndiye niliyekwenda kumwita mkunga, nikapita kwenye redio ya mwalimu mkuu, na nilikuwa sijafika popote aliponikata, na kilomita kumi na mbili zote zikasikia.

"Mjomba, kifupi."

"Namba saba," nikasema. "Kimewaka."